Uso Huchongwa Mwisho

Mueni alikaa Riyadh miaka mitatu bila kukanyaga kanisani, kisha akapewa kazi ya kushinda kanisani kutwa, siku tano kwa wiki, na mshahara juu. Tulilicheka sana jambo hilo. Mimi ndiye niliyecheka zaidi, nikamwambia akiniombea huko asisahau magoti yangu, maana zamu za wodini zilikuwa zimeyamaliza.

Naitwa Yvonne, ni muuguzi, na niliishi na Mueni nyumba moja ya vyumba viwili. Nayasema haya mapema ili ujulikane msimamo wangu: mimi si mtu wa mizimu. Nimeosha maiti wengi mno, siwezi kuogopa kivuli. Mtu akiniambia ameona jini, namuuliza amekula nini. Lakini kuna asubuhi moja mwezi wa saba nilisimama sebuleni kwetu nikashindwa kuvuka zulia, na nitafika hapo.

Mueni alizaliwa Wamunyu, Ukambani, kwa watu wa kuchonga vinyago. Baba yake, Mzee Christopher, alichonga twiga, vifaru na wazee wa mbao maisha yake yote, amekaa kwenye kigoda, tezo mkononi, kibanda kimejaa vibanzi. Alikuwa na desturi moja ambayo wenzake walimtania kwayo: uso aliuchonga mwisho. Miguu kwanza, kisha kiwiliwili, mikono, shingo. Kichwa kikabaki bonge tupu la mbao mpaka siku ya kumaliza. Alisema kinyago kikishapata uso kinakutazama, na ukishatazamwa huna tena ubavu wa kukirekebisha. Rafu ya nyuma ya kibanda ilijaa wazee wasio na nyuso, na Mueni akiwa mdogo alilia akitumwa kuleta kitu huko. Baba yake alimcheka. "Waogopa nini? Hao hawajafika bado."

Mkono wa kuchonga Mueni aliurithi, ila yeye alichongea kwenye kompyuta. Alisomea Nairobi kuchora majengo, akapata mkataba Riyadh katika ofisi inayotengeneza maonyesho ya kutazamwa kwa miwani. Unavaa miwani mikubwa myeusi, unajikuta ndani ya jengo lililo mbali, unatembea, unageuka, unainua kichwa unaona dari. Bosi wake, Murad, alizaliwa Jeddah kwa wazazi wa Unguja waliohamia baada ya mapinduzi ya sitini na nne, na Kiswahili chake kilikuwa kitamu kuliko chetu. Hilo lilimkera Mueni, kwa sababu ni vigumu kumkasirikia mtu anayekugombeza kwa sauti ya kusoma kaswida.

Kazi mpya ilikuwa ya maonyesho ya Jeddah, majengo ya kale ya dunia: msikiti mmoja, ngome moja, hekalu moja, na kanisa kuu moja la mji mdogo wa kaskazini mwa Ufaransa. Kanisa likamwangukia Mueni.

"Wewe si Mkristo?" Murad alimwambia. "Utajua nini kikae wapi."

Mueni alikulia kanisa la mabati lenye viti vya plastiki. Akaitikia tu.

Alinivalisha ile miwani mara nyingi, kwa hiyo naweza kusema nimefika. Kinachokushika kwanza ni kule kwenda juu. Nguzo zinapanda, kila moja imegawanyika fito nyembamba za mawe, na fito zinapanda hadi zinakutana juu kwa ncha, kama fito za paa la msonge. Dari lote ni jiwe na bado haliogopeshi. Mueni alinieleza kwamba uzito haukai ukutani. Mbavu za dari zinaubeba na kuupeleka kwenye nguzo, na nje kuna matao mengine yanayouegemeza ukuta usipasuke. Kuta zikawa hazina kazi kubwa, basi mafundi wakazitoboa wakajaza vioo vya rangi. Asubuhi sakafu ya upande mmoja inakuwa samawati. Jioni upande wa pili unakuwa mwekundu, na wekundu huo sikuupenda.

Lilijengwa karibu miaka mia mbili. Lile la kwanza liliungua, wakaanza hili juu ya majivu. Waashi walioweka msingi hawakuliona paa, wala watoto wao hawakuliona. Sehemu ya dari iliporomoka ikaua mafundi, waliobaki wakaijenga tena, chini kidogo, kwa woga. Kisha tauni ikapita mjini, na kazi ikalala mpaka kizazi kingine kilipokua. Pale waliporudi kuanzia panaonekana hadi leo, mstari mmoja ambapo jiwe linaacha kuwa la manjano na kuwa la kijivu. Mnara wa pili haukumalizika kamwe. Kila mwashi alikwangua alama yake kwenye jiwe lake, mshale, nyota, herufi iliyopinda, na Mueni alizipenda alama hizo kuliko vioo. Kwao Wamunyu pia kila mchongaji huandika namba yake chini ya kinyago.

Na sakafuni kuna makaburi. Maaskofu na matajiri wa mji walichongwa wamelala chali juu ya mawe yao, kisha watu wakapita juu yao miaka mia saba. Mikunjo ya nguo ipo, viganja vilivyokutanishwa kifuani vipo, hata mbwa wadogo miguuni wapo. Nyuso zimeliwa na nyayo. Ukiinama unakuta duara laini, kama sabuni iliyotumika. Mara ya kwanza nilipoinama nilivua miwani nikaenda kupika.

Sasa, kazi yenyewe ya Mueni ilikuwa kufuta watu. Mashine ya kupimia jengo husimamishwa juu ya miguu mitatu, inazunguka polepole ikirusha miale, na kila mwale unapogonga panabaki nukta. Nukta mamilioni zikikusanyika, hilo ndilo kanisa. Lakini mashine haichagui. Mtalii akikatiza, naye anabaki: nusu ya mguu, bega, koti lililoburutwa hewani. Ofisini waliwaita mizuka, bila hofu yoyote, kama fundi anavyosema vumbi. Na kila mzuka una shimo lake. Pale alipokuwa amesimama mwale haukupita, kwa hiyo ukimfuta yeye, ukutani nyuma yake panabaki pengo jeusi la umbo lake, na inabidi uchukue mawe ya jirani uyanakili ulizibe. Mueni alikuwa hodari. Alirudi nyumbani macho mekundu akisema, "Leo nimefagia watalii wote wa mlangoni," tunakula, tunalala.

Mzee Christopher alifariki mwezi wa nne, wakati wa mvua. Karatasi za safari za Mueni zilitoka baada ya mazishi, na kijijini maiti haisubiri karatasi. Ndugu yake Abel alimpigia simu ya video. Mueni alikaa kitandani, mimi kando yake, tukatazama migongo. Abel alikuwa ameinua simu juu ya vichwa, na tulichokiona ni migongo ya majirani, ya kwaya, ya wachongaji waliovaa makoti ya Jumapili. Jeneza lilipofunguliwa watu wapite kumtazama, picha ikakwama. Mtandao uliporudi, udongo ulikuwa unaanguka.

Jioni ile Abel alimtumia picha. Akaandika, "Nimekupigia uso wa mzee, ndio uone ni yeye." Kwenye simu ya Mueni picha hazifunguki zenyewe mpaka uziguse. Hiyo ilikuja kama ukungu: kahawia kidogo, weupe wa kitambaa cha jeneza, na mshale mdogo katikati. Mueni hakuugusa.

"Nitafungua nikiwa ready," aliniambia.

Wiki zikapita. Nilimwambia kwa ukali wangu wa wodini, "Mueni, uso wa maiti hauumi. Ule hujauona ndio huuma." Akanijibu polepole, kama mtu anayemweleza mtoto, kwamba bila uso baba yake hajafika bado huko alikokwenda. Maadamu hajauona, yuko njiani, na wa njiani anaweza kurudi.

Ndipo kazi ikamfikisha kwenye kikanisa cha pembeni.

Kanisa kuu lina vikanisa vidogo ubavuni, kila kimoja na madhabahu yake. Hiki kilikuwa na benchi moja la mbao, na mbele yake palizibwa na vyuma vya ukarabati, kwa hiyo mashine iliwekwa mlangoni tu, kwa nyuma. Kwenye benchi alikaa mzee. Huyu hakuwa na mkwaruzo wowote. Alitulia muda wote mashine ilipozunguka, na miale ikamchora mzima: mikunjo ya koti, masikio, kofia iliyowekwa kando, shingo nyembamba yenye mifereji miwili. Mabega yalikuwa ya mtu aliyeinamia kitu mapajani.

Ukutani kwetu tulikuwa na picha ya Mzee Christopher amekaa kwenye kigoda, imepigwa kwa nyuma bila yeye kujua. Mueni aliponionyesha yule wa kanisani kwenye kompyuta yake, niliitazama picha ya ukutani, nikatazama kioo cha kompyuta, nikarudi tena ukutani.

"Zungusha tumwone mbele," nilisema mwisho.

Akazungusha. Mbele hapakuwa na kitu. Mashine ilimwona mgongo peke yake, basi mzee alikuwa ganda. Ukija upande wa uso unaona ndani ya mgongo wake mwenyewe, kama kibuyu kilichopasuliwa. Na kwenye ukuta wa madhabahu, mbele yake, lilisimama lile pengo jeusi la umbo lake.

Mueni aliwaandikia wapimaji kule Ufaransa awaulize mzee yule ni nani. Walijibu kwa adabu kwamba hakuna anayemkumbuka mtu yeyote pale.

Tangu hapo alifuta kila mzuka wa kanisa zima isipokuwa huyo. Murad alimwuliza, akasema atammalizia mwisho. Mchana wenzake wakienda kula, yeye alivaa miwani akaenda kukaa nyuma ya benchi lile. Aliniambia hamwombi kitu wala hamwambii kitu, anakaa tu. Nyumbani akawa mtu wa kunyamaza katikati ya sentensi. Tukienda dukani, akimwona mzee yeyote amekaa amempa mgongo, aliacha toroli akazunguka mbele kuhakikisha ana uso. Mzee mmoja Mpakistani alimsalimia kwa furaha akidhani anamfahamu. Mueni alirudi kushika toroli. "Huyu anao," alisema.

Asubuhi ninayoisema nilitoka zamu ya usiku, jua la Riyadh limeshachoma barabara, nikafungua mlango. Mapazia yalikuwa yamefungwa. Mueni alikaa kwenye kochi amenipa mgongo, kichwa ameinamisha. Nikamwita. Kimya. Nikamwita tena kwa sauti. Kimya. Na mimi, mwanamke mzima, muuguzi, nilisimama kwenye ukingo wa zulia nikajua kabisa kwamba nikizunguka mbele nitakuta ganda. Miguu ilikataa. Sijui nilisimama pale muda gani, najua tu kwamba mkoba uliniponyoka, na kwa kishindo hicho akageuka. Alikuwa anamenya viazi, visikizi vya muziki masikioni.

Nilimtukana kwa lugha ya mama yangu. Akacheka, mara ya kwanza tangu mvua za Aprili. Kisha kicheko kikakatika, akanikazia macho.

"Ulimwona yule wa benchi pia, eh?"

Niliingia chumbani nikafunga mlango, na namshukuru Mungu kwamba uchovu una nguvu kuliko hofu.

Mwezi wa tisa maonyesho yakaiva. Murad alimtaka Mueni Jeddah kwa siku za majaribio, na mimi nilikuwa na likizo, nikaenda naye. Sikutaka aende peke yake, nasema wazi. Tulifikia kwa mama yake Murad, Bi Mashavu, mtaa wa Al-Baghdadiyah, kwa sababu alikataa katakata tulale hotelini. "Wanangu Waswahili walale hotelini na mimi ni hai? Watu watasemaje?" Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, miaka sabini na kitu, kanga mbili, sauti ya kuamrisha jeshi. Alitupa mkate wa kumimina na kahawa mpaka tukaomba msamaha.

Niligundua jambo moja. Kiti chake kilitazama mlango, na mlango wa nyumba ile haukuwa ukifungwa kwa komeo. Mueni alipoinuka kuufunga, Bi Mashavu alisema kwa upole, "Acha, mwanangu. Urudishie tu."

Murad alitueleza kesho yake, garini, tukienda ukumbini. Babu yake aliitwa nje ya nyumba siku za mapinduzi, Unguja, akatoka na kanzu ya nyumbani akisema anarudi sasa hivi. Hakuonekana tena, yeye wala maiti yake. Jamaa walitaka asaliwe sala ya maiti asiyekuwepo, ile ya ghaibu, lakini mkewe alikataa. Alisema kumsalia ni kumuua kwa kinywa chao. Yule mke akafa Jeddah bila kubadili neno, na Bi Mashavu, aliyekuwa msichana mdogo wa chuo cha Kurani siku ile, akaurithi mkatazo huo pamoja na kiti.

"Sisi hatufungi mlango," Murad alisema. "Nimekua hivyo. Wezi wa Jeddah wote wajinga."

Alicheka peke yake. Mueni aligeukia dirishani.

Ukumbini palikuwa baridi kama friji. Bi Mashavu alikuja baada ya adhuhuri kuona kazi ya mwanawe, akakalishwa kwenye kiti cha magurudumu asije akajikwaa, akavishwa miwani. Sisi wengine tuliona anachokiona yeye kwenye kioo kikubwa ukutani. Msikiti aliupita haraka, akasema anaijua misikiti. Kanisani akatulia. Alitazama dari kwa muda, akasema, "Mashaallah, mawe haya yamejua kusimama." Murad alimsukuma polepole kwenye njia ya katikati. Alipofika kwenye makaburi akainama.

"Maskini. Wamekanyagwa mpaka nyuso."

Kisha akageuza kichwa kulia. Kwenye kioo tuliona kikanisa, benchi, mgongo.

"Murad. Yule mzee ni nani?"

Murad alimgeukia Mueni. "Huyu si nilikwambia umfute? Wiki ya ngapi hii? Kesho kutwa tunafungua, Mueni!"

"Bosi, naomba..."

"Mafi naomba, hakuna! Halas, basi!"

"Nyamaza, Murad," Bi Mashavu alisema. "Nipeleke kwake."

"Bibi, usizunguke mbele," Mueni alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Bibi tafadhali. Mwone hapo kwa nyuma tu."

Lakini yule mama hakuwa mtu wa kuzuiwa. Kiti kilizunguka, na kwenye kioo mgongo ukageuka bega, bega likageuka ukingo mwembamba kama wa kaure, na ganda likafunguka. Bi Mashavu alinyoosha mkono hewani, mahali uso ulipopaswa kuwa. Mkono ulipita. Aliurudisha mapajani, akakaa. Alipovua miwani, kanga yake ilikuwa imelowa shingoni.

"Kwa nyuma alikuwa baba yangu," alisema. "Ile kanzu ilimkaa hivi hivi mabegani akitoka mlangoni. Na wewe, mwanangu, ni nani wako?"

Mueni akamweleza yote, amepiga magoti kando ya kiti, na akamwonyesha simu: ule ukungu, ule mshale.

Bi Mashavu aliishika simu kwa mikono miwili. "Unayo? Unayo sura yake humu, na hujaitazama?" Alikuwa na hasira, na machozi yakawa yanamtoka pamoja nayo. "Mimi ningepewa hii, ningeifungua kwa meno. Fungua."

Mueni aliugusa mshale. Kiduara kilizunguka, kikazunguka, kikasimama. Yakatokea maandishi madogo: picha haipo tena, mwombe aliyeituma aitume upya.

Alipiga simu kwa Abel pale pale, sauti wazi, sote tukisikia.

"Picha gani?" Abel aliuliza. Nyuma yake tezo la mtu lilikuwa likigonga mbao. "Ile ya mzee? Nilifuta, Mueni. Auntie alisema picha ya maiti haikai kwa simu, inaleta mkosi. Si wewe uko nayo?"

"Hakuna mwingine alipiga?"

"Nani atapiga maiti? Mimi nilipiga juu yako tu." Akashusha sauti. "Mueni, haukuwa umefungua?"

Mueni alikata simu. Nimeona watu wakipewa habari mbaya za kila aina, ni sehemu ya kazi yangu, na huwa najua la kufanya kwa mikono yangu. Siku ile sikujua. Alikaa sakafuni, mgongo umeinama, na nilizunguka mbele makusudi nikaushika uso wake kwa viganja vyangu.

Kisha akainuka, akaenda kwenye kompyuta yake mezani.

"Bosi, nipe mpaka magharibi. Nitamfuta. Nipe tu mpaka magharibi."

Murad alimtazama mama yake. Mama akatikisa kichwa kukubali, akaamuru kiti chake kisukumwe karibu na meza.

Mueni alianzia kidevu. Alichukua ile kalamu yake ya kuchongea na kuanza kujaza lile tupu, kipande kwa kipande, na nilivyoona mkono unavyokwenda nikaelewa kwamba ulijua njia bila yeye. Taya. Mashavu yaliyobonyea. Kovu la juu ya mdomo, la kibanzi kilichomruka akiwa kijana. Alikosea pua, akaifuta, akaanza tena. Wakati mmoja alisimama akasema hakumbuki masikio na macho yanaachana kiasi gani, akafunga macho yake na kupapasa uso wake mwenyewe kwa vidole, akaendelea. Bi Mashavu aliufuata mkono kwa macho. Murad aliacha kuitazama saa.

Macho aliyaweka mwisho. Alipoondoa mkono, Mzee Christopher alitutazama kutoka ndani ya kanisa lile, amekaa kwenye benchi, mwanga mwekundu wa jioni magotini, akiwa hai kabisa. Nilirudi nyuma hatua moja. Sioni haya kusema.

"Ndiye?" Bi Mashavu aliuliza.

"Ndiye."

"Mbona macho yako wazi?"

"Hivi ndivyo nilimwacha," Mueni alisema. "Siku ya airport. Alikuwa ananiangalia hivi."

Bi Mashavu aliweka mkono wake mdogo juu ya bega la Mueni.

"Mfumbe macho, mwanangu."

Mueni hakusogea.

"Wewe hukumfumba wako, wala mimi sikumfumba wangu. Mfumbe. Mtoto ndiye anayemfumba mzee wake."

Nimefumba macho ya watu wengi. Ni kazi ya kidole gumba, mara moja, na unaendelea na shuka. Mueni alichukua muda mrefu. Aliivuta kope ya kulia ikashuka nusu, akasita, baba yake akabaki kama anayesinzia kazini, kisha akaishusha yote. Ya kushoto aliishusha bila kusita. Uso ukatulia. Ulikuwa mdogo kuliko nilivyotarajia, uso wa mzee aliyechoka, na haukuwa ukitutazama tena. Mueni alilia kwa sauti, kwa Kikamba, akimwita baba yake kwa jina alilomwita akiwa mtoto, na wale vijana wa taa ukumbini wakaacha kazi wakatoka nje mmoja mmoja.

Alipotulia, Bi Mashavu alisema, "Sasa mgeuze. Nionyeshe mgongo."

Mueni akamgeuza. Bi Mashavu aliutazama kama mtu anayesoma mstari wa mwisho wa ukurasa.

"Murad. Ijumaa waite jamaa zako wote waje nyumbani. Babu yako asaliwe."

"Mama, una hakika?"

"Amekaa sana huyu. Muacheni aende." Akamgeukia Mueni. "Haya. Mfute."

Mueni alimzungushia mstari, akabonyeza, na benchi likawa tupu. Ukutani likabaki lile pengo jeusi lenye mabega. Alichukua mawe ya pembeni, ya manjano na ya kijivu, akaliziba vizuri hata mimi niliyejua mahali pake nikapapoteza.

Tuliporudi Al-Baghdadiyah adhana ya magharibi ilikuwa inaisha. Bi Mashavu aliingia wa mwisho. Akaufunga mlango, akatafuta komeo kwa mkono, komeo gumu lililoshika kutu, akalisukuma kwa nguvu zake zote mpaka likaingia. Murad alisimama katikati ya sebule akilitazama lile komeo.

Mueni alikwenda dirishani na simu. Abel alipokea mara moja, bado ana wasiwasi, akaanza kuomba msamaha.

"Usijali," Mueni alimwambia. "Nimemwona."

Abel akamwuliza amemwonea wapi.

"Kanisani," Mueni alisema.